Ng'ombe wa Pili

Siku tuliyomzika mama, ng'ombe wake alikamuliwa kama kawaida. Sikumbuki ni nani aliyemkamua jioni ile. Nakumbuka asubuhi iliyofuata, kwa sababu niliamka nikiwa bado na gauni nililozikia, nikamsikia analia bandani. Ng'ombe hajui msiba. Kiwele kikijaa kinauma, naye akiumwa analia. Nikachukua ndoo, nikaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta kwenye chuchu, nikakaa kwenye kigoda nikaanza.

Niseme mapema kwamba sikulia. Si makaburini, si usiku, si siku zilizofuata. Waombolezaji waliniangalia kwa wasiwasi, na mmoja aliniuliza kwa upole kama nimepewa dawa. Ilikuwa kama pale daktari wa meno anapokuchoma sindano: unajua mdomo ni wako, unaugusa kwa kidole, lakini haukujibu. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu, na haya ninayoyasimulia yalitokea nikiwa ndani ya ganzi hiyo. Nayasimulia kama yalivyokuwa, kwa sababu nimekutana na watu wengi, wazuri tu, wanaoamini kwamba kabla hujamtendea mtu wema lazima kwanza moyo wako ujae. Wangu haukuwa na kitu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Kiboriloni, pale ambapo mji wa Moshi unaishia na barabara inaanza kupanda. Nyumba ya mama iko juu, kwenye migomba, mahali ambapo mwezi wa saba unavaa sweta mchana. Kaka yangu, ambaye ndiye mrithi wa kihamba, yaani shamba lile la ukoo lenye nyumba na migomba, yuko Dar es Salaam na familia yake. Kwa hiyo baada ya mazishi lilibaki swali moja ambalo halikuweza kusubiri: ng'ombe atakaa na nani?

Kwa msomaji ambaye si wa huku, nieleze kidogo. Kwetu ng'ombe hachungwi. Mashamba yamebanana, hakuna malisho, kwa hiyo anakaa bandani na chakula kinamfuata: majani, migomba iliyokatwakatwa, pumba. Anachorudisha ni maziwa na samadi. Wageni huona maziwa tu. Sisi tunajua kwamba samadi ndiyo inayoshikilia kila kitu, kwa sababu mgomba usiopata samadi unatoa mkungu mdogo, mwaka unaofuata mdogo zaidi, na baada ya muda una shamba la majani matupu. Nyumba isiyo na ng'ombe huku juu inaanza kufa taratibu, kuanzia nyuma ya jiko.

Ndiyo maana kuna utaratibu wa zamani. Mwenye ng'ombe zaidi ya uwezo wake humpeleka mmoja kwa mtu asiye na ng'ombe, amtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, anamwaga samadi shambani kwake, na ndama wanagawanywa kwa makubaliano. Lakini ng'ombe bado ni wa mwenyewe. Na kuna sharti moja ambalo hata mtoto analijua: ng'ombe akifa mikononi mwako, kabla hujafanya lolote unakimbia kwa mwenyewe. Anakuja, anaona kwa macho yake, na ngozi inakuwa yake. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba hukumuuza.

Mama aliwahi kumpa mtamba jirani yetu, mwanamume aliyenizidi miaka michache, ambaye shamba lake limetenganishwa na letu kwa mstari wa masale tu, ile mimea tunayopanda mipakani. Msimu mmoja wa mvua yule mtamba akafa, na jirani akamzika pamoja na ngozi yake. Alikuja kumwambia mama kesho yake jioni. Alisema alikata majani chini ya kahawa ya watu, hakujua kwamba ilikuwa imepigwa dawa, mtamba akala akavimba, na yeye akaogopa kwamba watu wakiiona nyama wataila. Inawezekana. Dawa ya kahawa imeua ng'ombe wengi huku. Lakini pia alikuwa mtu wa kilabuni, na kulikuwa na mtu aliyedai kuona pikapu ya mchinjaji imesimama njia panda siku ile.

Kwa hiyo kijiji kizima kikabaki na swali. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alilifanya kuwa salamu. Akikutana na yule bwana kanisani, akikutana naye dukani, baada ya marahaba aliuliza: "Na ngozi iko wapi?"

Mama hakuuliza kamwe. Aliendelea kumsalimia, na jioni alimpelekea maziwa ya mjukuu wake kwenye chupa ya plastiki. Niliwahi kumwambia kwamba angalau angemuuliza ili yaishe. Alikuwa anakata migomba, hakuinua kichwa.

"Nikimuuliza atajibu," alisema. "Akijibu itabidi nimwamini au nisimwamini. Yote mawili ni kazi, na mimi nina ng'ombe hajala."

Basi. Matanga yalipokwisha tulikaa uani, mimi, kaka na shangazi, tukinywa chai. Kaka alikuwa na tiketi ya basi ya siku inayofuata.

"Kuna jamaa wa Sanya Juu ana pikapu," alisema. "Anapita leo mchana. Akimchukua ng'ombe, tumemaliza."

"Tumemaliza nini?" aliuliza shangazi.

"Mambo ya huku."

Shangazi alikunja midomo lakini hakumpinga. Yeye mwenyewe magoti yalikuwa yamemkataza kukata majani. Mimi nilisema sawa. Ningesema sawa kwa lolote asubuhi ile. Wangesema tuezue bati la jiko, ningeshika ngazi.

Ndipo jirani akaingia, akapita katikati ya masale kama tulivyopita wote tangu utotoni. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya suruali ya shamba.

"Shikamoo mama," alimwambia shangazi.

"Marahaba. Kaa pale kwenye jua."

Hakukuwa na jua popote. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Akabaki amesimama.

"Nasikia mnamuuza."

"Nani kakwambia?" aliuliza kaka.

"Mnaongea kwa sauti, na katikati yetu ni masale tu." Akakohoa. "Naomba nimtunze."

Kaka alicheka kidogo, si kwa ubaya sana. "Huyu anataka kutuzikia na wa pili."

"Ngozi iko wapi?" aliuliza shangazi.

"Nilishasema, mama."

"Ulimwambia marehemu. Sasa tuambie sisi. Huyu binti hapa ndiye aliyeachiwa ng'ombe na mama yake, mwambie usoni. Ukisema kweli, pengine tutaongea. Kama ulimuuza, sema nilimuuza. Hatukupigi. Nani akupige, mimi na magoti haya?"

Yule bwana aliangalia mikono yake. Nilimwangalia na sikumwonea huruma, lazima niseme hivyo. Wala sikumkasirikia. Nilimwona tu: mtu mzima, koti limebana mabegani, anasubiri. Halafu nikasikia sauti yangu inauliza, kama vile niko darasani naendelea na somo.

"Banda lako lina bati?"

Alinitazama bila kuelewa. "Upande mmoja. Mwingine nimeezeka majani ya mgomba."

"Maji?"

"Mfereji unapita nyuma ya nyumba."

"Majani atakata nani?"

"Mimi. Na mke wangu."

"Siku ambayo wewe hujisikii vizuri?"

Wote wanne tulijua ninasema siku zipi. Akajibu polepole, "Mke wangu."

"Amekubali?"

"Ndiye aliyenituma."

"Angalau kuna mwenye akili kwenye ile nyumba," alisema shangazi.

"Basi njoo na kamba," nikamwambia.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilifanya vile, na ningependa kujibu vizuri kwa sababu najua wengine wanasimama mahali kama pale. Sikumsamehe. Kumsamehe mtu unahitaji kwanza kujua alifanya nini, na mimi sikujua, wala sijui leo. Niliona tu kwamba tulikuwa tunamtoza. Shangazi hakuwa anaomba fedha, lakini alikuwa anataka bei: mtu ajivue mbele yetu kwanza, ndipo apewe. Na kilichokuwa kinahitajika nyumbani kwake hakikuwa na uhusiano na kujivua. Mjukuu alikuwa anakunywa chai ya rangi tangu mama alipolazwa. Migomba yake ilikuwa myembamba kama fimbo, tulikuwa tunaiona kutoka pale tulipokaa. Maswali niliyouliza ni yale ambayo jibu lake lingemfaa ng'ombe. Mengine hayakumfaa mtu yeyote.

Kaka alinyanyuka. "Wa kwako. Ukitaka kumtupa, mtupe." Akaenda kumpigia simu yule wa Sanya Juu.

Tulimvusha ng'ombe mchana ule ule. Mke wa jirani alikuwa amesubiri mlangoni mwa banda, ametandika majani makavu ya mgomba mpaka magotini. Alipokea kamba kwa mikono miwili na kusema "aika," asante, kwa sauti ya chini. Mjukuu, msichana mdogo ambaye mama yake anafanya kazi za ndani mjini, alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake na kumchungulia ng'ombe kwa jicho moja.

Jirani alinifuata mpaka mpakani.

"Mwalimu, hutaniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Habari ya yule wa kwanza."

"Huyu ukae upande wake wa kulia ukimkamua," nilimwambia. "Ukikaa kushoto anapiga teke."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayehifadhi jambo. Nikarudi nyumbani, nikafagia banda tupu, na jioni nikashuka Kiboriloni. Nilisubiri nijisikie vizuri kwa nilichofanya. Nilipika wali, nikala, nikasahihisha madaftari. Hakuna kilichokuja.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri zaidi kuisimulia kwenye ibada. Lakini shule zilipofungua na mvua ndogo zilipokaribia, shangazi alinipigia simu saa nne asubuhi.

"Ng'ombe wako analia tangu alfajiri," alisema. "Mwanamke ameshuka sokoni na ndizi zake. Na bwana wa ngozi walimbeba jana kutoka kilabuni kama gunia. Njoo umchukue mnyama wako kabla hajafa."

Niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda. Njiani sikuwaza mengi. Niliwaza kwamba namba ya yule wa Sanya Juu lazima kaka anayo.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye masale, ameegemea fimbo, mkono mwingine umeshika kamba mpya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimekuletea kamba. Na mtoto nimemwambia asitoke pale mlangoni, nilikuwa namwangalia kutoka hapa. Mle ndani kwa mlevi siingii."

Bandani hori lilikuwa tupu, limelambwa mpaka mbao zimeng'aa. Samadi ya usiku ilikuwa haijatolewa. Kiwele kilikuwa kigumu kama ubao, na ng'ombe aliponiona aliacha kulia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kulisikia. Nilimvalisha ile kamba shingoni. Halafu nikaikumbuka njia, ule mteremko wa kuingia kwetu, na kwamba huwezi kumtembeza ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa hivyo. Nikaiacha kamba inaning'inia, nikatafuta ndoo.

Nilikuwa nusu ya kazi nilipohisi kuna mtu. Yule msichana mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda ameshika kikombe cha plastiki. Hakuwa analia. Hakuwa amejificha pia.

"Babu amelala," alisema. "Maziwa bado."

Akaninyooshea kikombe, hivi, kama mtu anayefika kwenye duka lake la kila siku.

Nilimwambia maziwa mabichi yataumiza tumbo, asubiri nichemshe. Akakubali mara moja. Akakaa chini, kwenye kizingiti, akaweka kikombe mapajani. Nilimaliza kukamua, nikachukua ndoo nikaingia jikoni kwao. Moto ulikuwa umezimika lakini kulikuwa na makaa chini ya jivu. Nilipopuliza, babu yake akaamka kwenye benchi lililokuwa ukutani. Alinitazama muda mrefu kabla ya kunitambua.

"Umekuja kumchukua," alisema.

Kamba ilikuwa tayari shingoni mwa ng'ombe. Ningeweza kusema ndiyo na ingekuwa kweli.

"Nimekuja kumkamua," nilisema. "Maziwa haya hapa, yakichemka mpe mtoto. Hori ni tupu."

"Mwalimu, jana nilikuwa..."

"Hori ni tupu, kaka. Kakate majani."

Alikaa kitako akishika kichwa. Nikarudi kupuliza makaa. Mwishowe alinyanyuka, akachukua panga na kamba ya kufungia, akatoka huku anagusa ukuta.

Shangazi alikuwa amesogea mpaka mlangoni. Alimwangalia akipotea kwenye migomba.

"Asiporudi?"

"Nitakata mimi."

"Kila siku?"

"Leo."

"Wewe mtoto," alisema shangazi, akatafuta pa kukaa.

Jirani alichelewa. Maziwa yalichemka, yakapoa, msichana akanywa kikombe cha kwanza na cha pili, akapata sharubu nyeupe. Mimi nilitoa samadi kwa beleshi na kuirundika mahali alipokuwa anairundika mke wa jirani, nyuma ya jiko. Pale niliona jambo. Machipukizi ya migomba iliyokuwa karibu na lile rundo yalikuwa mazito, ya kijani kibichi, hayafanani kabisa na mama zao. Niliyaangalia kwa muda. Nilijua kwamba ni kitu cha kufurahisha, kama unavyojua jibu la hesabu bila kulipenda wala kulichukia.

Darasani naijua hali hii. Mtoto anayerudia darasa humfundishi kwa kumuuliza kila asubuhi kwa nini alifeli. Unampa kalamu, unamwonyesha ukurasa. Kesho anakosea tena palepale, unamwonyesha tena. Walimu wapya huchoka hapa, na huwa nawaambia wasikate tamaa, kwa sababu hawatakiwi kuwa na moyo mkubwa wakati huo. Wanatakiwa kuwa na ukurasa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba na mtu mzima ni hivyohivyo. Nilidhani nafasi ya pili nilishaitoa, siku ile uani, mbele ya mashahidi, na kwamba sasa ilikuwa juu yake kuitumia au kuiharibu. Nikiwa na beleshi mkononi niliona kwamba inabidi niitoe tena, na huenda nikaitoa siku nyingine baada ya hiyo, bila mtu yeyote kuniangalia isipokuwa shangazi aliyekuwa amenuna.

Jirani alirudi na mzigo mkubwa kuliko nilivyotarajia. Suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Alikuwa ameangukia mferejini.

"Umekata kwa nani?" aliuliza shangazi.

"Kwangu, mama. Kule mpakani chini."

Shangazi alichomoa jani moja kutoka kwenye mzigo, akalinusa mbele na nyuma, akalirudisha. Ng'ombe alianza kula kabla hata mzigo haujafunguliwa. Nilimvua ile kamba shingoni, nikaikunja, nikampa shangazi. Jirani aliona. Hakusema kitu, nami nilishukuru, kwa sababu kama angeanza kuapa kwamba hatakunywa tena, ingenibidi nisikilize.

"Jioni ni kwenye saa kumi na mbili," nilimwambia. "Usimcheleweshe."

"Kulia," alisema. "Upande wa kulia."

Shangazi alinisindikiza hadi barabarani, polepole kwa ajili ya magoti. Tulipofika alisimama.

"Umemwacha."

"Nimemwacha."

"Na akifa?"

"Atakuwa amekufa, shangazi. Ila leo mtoto amekunywa."

Alitazama bonde upande wa pili, ambako hakukuwa na cha kutazama kwa sababu ya ukungu. "Mama yako alikuwa hivi hivi," alisema. "Alinichosha."

Nilisubiri hilo neno liingie. Lilikuwa neno ambalo mtu mwingine angelilia pale pale barabarani. Nilimwambia asante, nikainua mkono kusimamisha pikipiki.

"Kesho nitapita kuangalia banda," alisema shangazi. "Siendi kumwangalia yeye. Naenda kumwangalia ng'ombe."

"Sawa, shangazi."

"Na yule mtoto. Wasije wakampa mabichi."

Kesho yake alipiga simu kengele ya kwanza ikiwa inalia. Nilimsikia anapumua, ni kama alikuwa bado anatembea.

"Amekamuliwa," alisema. "Na mlevi ndiye aliyekamua. Sikuingia, nilisikia ndoo."

Nilimuuliza kama hori lina kitu.

"Lina majani. Sasa unataka nihesabu na majani?" Akakata simu.

Watoto walikuwa wameshaingia. Niliweka simu mfukoni, nikachukua chaki, nikawaambia wafungue ukurasa tuliouacha jana.